Mtungi wanagawa, mpira wa gesi nani anaukagua?

Ndugu Mhariri,

Tangu Serikali izindue Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, ukiwa na lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, mitungi ya gesi imeingia hata kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kuota kuwa nayo. Ile ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa kwa ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), mingine inagawiwa kwenye mikutano na hafla. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Moshi wa kuni umewaumiza mama zetu vya kutosha. Kinachonikera ni kwamba tunakabidhi mtungi, tunapiga picha, tunaondoka, na hakuna anayekagua kile kipande kilichopo kati ya mdomo wa mtungi na jiko. Mimi ni fundi wa majiko ya gesi, na naandika kwa sababu hapo ndipo gesi inapovuja. Mtungi wenyewe ni chuma kinene chenye valvu ya usalama. Mpira, klipu, regulata (kile kifaa cha kupunguza presha kinachobandikwa kwenye valvu) na oringi (kijipete cha mpira ndani ya mdomo wa valvu) ndivyo vinavyochoka.

Tuanze na tabia ya gesi yenyewe, maana wengi wanaidhania kuwa ni kama moshi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka na kutambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda, ndani ya kabati la sinki, kwenye shimo la maji machafu. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya dirisha, mahali ambapo gesi haifiki. Huku chini uwazi ni ule wa mlango peke yake, na usiku tunauziba kwa kitambaa ili mbu wasiingie. Kilo moja ya gesi ikitoka inajaza karibu nusu mita ya ujazo. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kinahitaji takriban asilimia 2 tu ya gesi hewani ili kishike moto, na hiyo ni kama kilo moja. Kwa kuwa gesi inakaa chini bila kusambaa, hata kiasi kilicho chini ya hicho kinatosha kuwaka usawa wa miguu ya mtoto anayecheza sakafuni.

Sasa mpira. Mpira wa gesi halali umeandikwa ubavuni kuwa ni wa gesi, pamoja na mwaka uliotengenezwa. Kama hauna maandishi, usiununue. Mpira wa kumwagilia bustani au wa maji unafanana nao kwa macho, lakini gesi inaulainisha kwa ndani hadi unavimba na kuachia. Urefu usizidi mita moja na nusu. Mrefu zaidi unajikunja, unakanyagwa, unaburutwa nyuma ya jiko lenye moto. Ukunje kwa vidole karibu na klipu, pale unapopinda kila siku. Ukiona nyufa ndogo kama za tairi kuukuu, toa wote, usikate kipande na kurudishia. Hata usipoona ufa, usiuache ufike miaka mitano, na jikoni kwenye joto kali na mafuta mengi badilisha baada ya miwili. Panya nao wanautafuna, kwa hiyo usiupitishe nyuma ya magunia ya unga.

Klipu ziwe mbili, moja kila mwisho, za kukaza kwa bisibisi. Waya wa kufungia nondo unakata mpira polepole. Kaza mpaka mpira usizunguke ukiushika kwa mkono, kisha acha. Ukizidisha, klipu yenyewe inauchana.

Regulata za mitungi haziingiliani, maana valvu za kampuni mbalimbali zina vipimo tofauti. Ukibadilisha kampuni, badilisha na regulata. Fundi akikuambia ataichonga kidogo ikae, mkatalie. Pia kuna regulata za presha kubwa, zenye koki ya kuzungusha juu, zinazotumika kwenye majiko makubwa ya mabanda ya chipsi. Hizo usiziweke kwenye jiko la nyumbani la pleti mbili. Jiko hilo limetengenezwa kwa presha ndogo, na ukililazimisha, moto unaruka juu ya sufuria na viungio vinaanza kuachia.

Kila unapofunga mtungi mpya, zima kwanza koki zote za jiko na usiwe na moto wowote karibu, hata jiko la mkaa la jirani kwenye korido. Toa kifuniko, chungulia ndani ya mdomo wa valvu. Kwa mitungi mingi utaona kijipete cha mpira, ndiyo oringi. Ikiwa haipo, imepasuka au imekuwa ngumu, rudisha mtungi kwa wakala palepale. Usikubali kukatiwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Bandika regulata ikiwa imezimwa, bonyeza mpaka ilie, halafu ivute juu kwa nguvu ya kawaida. Ikitoka, haikuwa imekaa. Baada ya hapo changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji na kikombe kimoja cha maji, fungua gesi huku jiko limezimwa, upake povu kwenye valvu, regulata, klipu zote mbili na urefu wote wa mpira. Tazama kwa dakika moja. Povu likitoa mapovu mapya yanayokua, gesi inatoka hapo. Wapo wanaopima kwa kuwasha njiti ya kiberiti. Jamani, tuwakataze hadharani.

Ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kufungwa juu yake hauna mpira, kwa hiyo watu wanauona salama zaidi. Una hatari yake: ugali. Sufuria ipo juu, mtu anasonga kwa mwiko kwa nguvu zake zote, na mtungi wote unayumba. Weka mtungi kwenye sakafu iliyonyooka, tumia sufuria isiyozidi upana wa miguu ya jiko, na unga ukishaanza kuwa mzito, zima, shusha sufuria chini, songa huko, kisha urudishe. Familia ya watu wengi inunue jiko la mezani.

Gesi inapokaribia kuisha, harufu ile ya yai bovu huwa kali kuliko kawaida. Ni kwa sababu dawa ya harufu inayochanganywa kiwandani inachelewa kutoka na inabaki nyingi kwenye masalia ya chini. Kagua kwa sabuni hata hivyo, usijipe jibu kabla hujaangalia. Na tafadhali tusiulaze mtungi wala kuupindua ili “umalizie”. Mtungi uliosimama unatoa gesi. Ukilala unatoa gesi ya maji, yaani gesi ikiwa bado kimiminika, na tone moja la maji hayo likigeuka kuwa gesi linatanuka mara 200 na zaidi. Moto unaotoka hapo haudhibitiki. Kwa sababu hiyohiyo mtungi haupaswi kulazwa kwenye bodaboda.

Ukiingia ndani ukasikia harufu, usiwashe taa. Usizime pia, maana swichi inatoa cheche kwa kuwasha na kwa kuzima. Usiguse feni, usipige simu ukiwa ndani. Funga valvu ya mtungi kama unaifikia, fungua milango na madirisha, toa watu wote, na ukiweza toa mtungi nje mbali na mtaro. Friji inajiwasha yenyewe, na umeme ukikatika kisha ukarudi hujui itawaka saa ngapi, kwa hiyo kama mita na swichi kuu viko nje, mbali na harufu, kata umeme huko. Simu piga ukiwa mbali: 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Moto ukishika kwenye mdomo wa mtungi, kitu cha kwanza ni kufunga valvu, mkono ukiwa umezungushiwa taulo au blanketi lililoloa chapachapa. Valvu ikifungika, moto unakufa wenyewe. Isipofungika, toka na watu wako na usihangaike kuuzima ule moto, kwa sababu gesi itaendelea kutoka bila kuwaka, itajaa chumbani na kulipuka kwa mkupuo. Aliyeungua mwagie maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, mvue pete na saa kabla hajavimba, mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Dawa ya meno, unga na yai havina kazi hapo.

Uzito nao tuuangalie. Kwenye kola ya mtungi, ile pete ya chuma inayozunguka valvu, kumegongwa uzito wa chuma kitupu. Ukisoma 14.2 kwenye mtungi wa kilo 15, mizani inapaswa kusoma 29.2. Pungufu kubwa, au lakiri iliyochezewa, ni dalili kwamba mtungi umejazwa uchochoroni. Anayejaza huko ndiye pia anayeweza kuuzidisha, ilhali gesi ya maji haitakiwi kupita takriban asilimia 80 ya nafasi ya ndani ili joto likipanda ipate pa kutanukia.

Ombi langu kwa REA, EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), kampuni za gesi na kila mbunge anayegawa mitungi ni hili: mtungi wa jiko la mezani usitolewe bila mpira wenye mwaka wake, klipu mbili na regulata inayolingana nao, na ule wa kilo 6 usitolewe bila oringi mpya ya akiba. Anayekabidhi afanye jaribio la povu la sabuni mbele ya mpokeaji, kisha mpokeaji alirudie kwa mkono wake mwenyewe. Na wenye nyumba wanaopangisha watoboe matundu mawili ya hewa, upana wa tofali moja kila moja, chini kabisa ya ukuta wa nje wa chumba cha kupikia, wayafunike kwa wavu wa chuma ili panya wasiingie. Ni kazi ya fundi mwashi ya asubuhi moja.

Fundi wa majiko ya gesi,
Temeke, Dar es Salaam