Pikipiki ya theluji haijaribiwi uani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, baada ya kuona picha ya kijana wetu akiwa juu ya pikipiki ya theluji huko Marekani, aliuliza kama chombo hicho, alichokiita mdoli wa matajiri, kina tofauti yoyote na bodaboda mbali na bei yake. Swali lake lilikuwa na kejeli ndani yake, lakini ni zuri kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, na mimi ninayeishi katika jimbo la Utah na kula jasho langu kwa kutengeneza mashine hizo naona nina deni la kulijibu. Tofauti kubwa imo katika mahali ambapo ubovu wa kila chombo hujitokeza. Bodaboda iliyotoka gereji ukiizungusha mtaani, kisha ukaipandisha kilima kimoja ukiwa umepakia abiria, umekwisha kujua karibu yote uliyotaka kuyajua. Pikipiki ya theluji yaweza kuzunguka uani kwa fundi mara kadhaa bila hata kukohoa, halafu ikakufia mlimani katika nusu saa ya kwanza, mahali ambapo huwezi kuisukuma wala kuiacha.

Kwa asiyewahi kuiona, chombo hiki kina ski mbili mbele, yaani vibao virefu vya kutelezea, zinazofuata usukani, na nyuma kina mnyororo mpana wa raba wenye meno, mfano wa ule wa katapila ila mwepesi. Zile zilizoundwa kwa ajili ya milima huwa na mnyororo ambao mzunguko wake unakaribia au kupita mita 4, wenye meno ya sentimita 6 na zaidi, ili zielee juu ya theluji laini badala ya kuzama. Injini zake nyingi ni za mipigo miwili, za ukubwa wa cc 800 au 850, zenye nguvu za farasi zinazopita 150, ilhali bodaboda nyingi za kwetu ni za cc 125 au 150. Nguvu hiyo yote haipiti kwenye gia za kuchagua kwa mguu, bali hupita kwenye puli mbili zinazojibana na kujitanua zenyewe, zikiunganishwa na mkanda mmoja wa raba ambao upana wake haupiti sana vidole viwili. Aliyewahi kufungua ubavu wa skuta ya otomatiki anaujua mpango huo, na anajua pia kwamba mkanda ukiharibika injini itanguruma itakavyo lakini tairi halitazunguka.

Mwezi wa Februari mwaka jana niliishika mashine ya mteja mmoja, ya mkono wa pili, iliyokuwa imelala ghalani kwa misimu miwili. Nilimwaga petroli iliyochacha, nikabadilisha plagi, nikasafisha puli, nikapima kwa rula ya chuma mkao wa puli hizo, yaani kama zinatazamana, nikaukuta sawa, kisha nikaizungusha uani kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari. Ilikwenda kama saa. Nikachukua fomu ya gereji na kuweka alama mbele ya neno linalosema kwamba imejaribiwa. Mzee ninayefanya naye kazi, ambaye ameshika spana tangu kabla sijazaliwa, aliitazama fomu ile na kuniuliza imejaribiwa wapi. Nikamwonyesha uani. Hakusema neno; alikwenda kupakia mashine yake kwenye tela, na kesho yake alfajiri tukaondoka pamoja.

Tulikwenda kwenye milima ya Uinta, kwa njia ya mji mdogo wa Kamas. Barabara ya Mirror Lake inayopanda kutoka hapo haisafishwi theluji majira ya baridi. Hufungwa kwa magari na kugeuzwa njia ya mashine hizi. Tulikuwa tumesoma taarifa ya asubuhi ya Utah Avalanche Center, kituo kinachotoa tahadhari za maporomoko ya theluji kila siku ya msimu, na kwa sababu ya taarifa hiyo tulichagua uwanda wenye mteremko mdogo, mbali na kuta za mlima. Kila mmoja alivaa kisambaza mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa, akabeba na koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Ninayataja haya si kwa kujionyesha. Miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45 ndiyo inayozaa maporomoko mengi, na mtu anayejaribu mashine asiyoiamini hana ruhusa ya kuwa chini ya mteremko wa namna hiyo, kwa kuwa ikizima hapo atakaa hapo hapo, mikono yake ikiwa ndani ya injini, kwa muda asioupanga yeye.

Kwenye njia iliyoshindiliwa mashine haikuonyesha dosari kwa dakika ishirini nzima. Tulipoingia uwandani, penye theluji mpya ya usiku iliyonifika mapajani kila nilipoteremka, mambo yalibadilika. Nilibonyeza mkono wa mafuta, ambao kwenye mashine hizi husukumwa kwa kidole gumba, na injini ikapanda hadi mizunguko zaidi ya 8,000 kwa dakika huku mwendo ukishuka. Kisha ikaja harufu ya raba inayoungua. Hapo fundi anatakiwa ajue kutofautisha. Tulikuwa kwenye kimo cha karibu mita 3,000, yaani juu kidogo ya vibanda vya Mandara kwa wanaoujua Mlima Kilimanjaro, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kama tatizo lingekuwa hewa nyepesi na vipande vya uzani vya ndani ya puli visivyobadilishwa kulingana na kimo, mizunguko ingeshuka na injini ingeonekana kulemewa. Mizunguko inapopanda huku chombo kikisinzia, mkanda unateleza.

Nilisimama, nikafungua ubavu, na nilipoigusa puli ya nyuma sikuweza kuacha kiganja juu yake hata kwa sekunde mbili. Kosa langu la pili (la kwanza lilikuwa lile la fomu) lilikuwa kujiambia kwamba ni theluji tu imeingia na kuulowesha mkanda, jambo ambalo hutokea kweli mara nyingi. Niliuacha ukapoa, nikaondoka tena. Sikwenda mita mia nne, nikasikia mlio kama wa ubao unaovunjika, injini ikapaa bila mzigo, na mashine ikaketi.

Msomaji aliyeuliza tofauti na aitafakari picha hii. Bodaboda ikikata cheni, dereva anaikokota hadi chini ya mwembe, na mara nyingi fundi yupo hapo hapo akimsubiri. Mimi niliposhuka nilizama hadi kiunoni. Chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 200 kilikuwa kimejichimbia handaki lake chenyewe, kwa sababu mnyororo unapozunguka bila kusonga mbele huchimba. Baridi ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri, na kazi ya kuchomoa nyuzi za mkanda uliosambaratika, zilizojifunga nyuma ya puli kama mshipi wa mvuvi uliotatizika, haifanyiki kwa glavu nene. Nilifanya kwa mikono mitupu, dakika mbili mbili, nikiingiza vidole kwapani kila mara. Nyuzi hizo haziachwi hata moja, kwani zikibaki nyuma ya puli ya mbele zinaweza kuharibu sili ya krenki, ile raba inayoziba hewa kwenye mhimili wa injini, na injini ya mipigo miwili inayovuta hewa kupitia sili iliyoharibika huunguza pistoni zake. Mkanda wa akiba ulikuwepo kwa sababu mzee aliuweka mwenyewe; pochi ya vifaa kwenye mashine ya mteja ilikuwa tupu. Kuondoa nyuzi, kuvaa mkanda mpya, kukanyagia theluji ipate kushikana mbele ya ski na kuutoa mtambo handakini kulituchukua saa moja na nusu. Tulirudi polepole, nikisimama kila baada ya dakika chache kuigusa puli.

Gerejini ndipo nilipoelewa. Injini ya mashine hii imekaa juu ya raba zinazomeza mtikisiko, na kuna kizuizi kidogo cha kuizuia isisogee pale mkanda unapoivuta kwa nguvu. Raba ya mbele, upande wa puli, ilikuwa imepasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kuinua injini, na kizuizi kilikuwa kimeachwa na nafasi kubwa mno. Ikiwa imezimwa, rula ilisema mkao ni sawa. Nilipotia mtaimbo na kusukuma, injini nzima iligeuka, na puli mbili zikaacha kutazamana. Ukiendesha kwenye theluji ngumu hilo halitokei, kwani chombo kinateleza chenyewe na mkanda hauvuti sana. Kwenye theluji ya unga, ile laini isiyoshindiliwa, mzigo hauishi hata kwa nukta moja: mafuta yamebonywa hadi mwisho, mwendo ni mdogo, mkanda umezama chini kwenye puli ya mbele, na kila mteleko unageuka kuwa joto. Mkanda wangu ulisagwa kwa upande hadi ukakatika.

Kuna jambo jingine linaloufanya uani ufiche maradhi, nalo huwashangaza mafundi wanaotoka kwenye magari. Nyingi ya mashine hizi hazina rejeta yenye feni. Maji ya kupozea hupita kwenye mabomba yaliyo chini ya kiti, na theluji inayorushwa na mnyororo ndiyo inayoyapoza. Kwenye barafu ngumu hakuna theluji ya kurushwa, injini hupata joto upesi, na fundi mwenye akili huizima baada ya dakika chache. Kwa hiyo jaribio la uani ni fupi kwa lazima, na mambo ya mkanda hayaonekani kwa jaribio fupi.

Najua nitakavyopingwa, kwa sababu nimekwisha kupingwa, tena na vijana wetu wenyewe walioingia kazi hii. Wanasema kwenda mlimani ni kupoteza siku nzima na mafuta ya gari na ya mashine, na kwamba mteja hatalipia. Ni kweli kwamba ni gharama, na yule mteja wangu alinung'unika alipoona siku ya ziada kwenye hesabu yake. Lakini hoja yao ingekuwa na nguvu kama fomu zingesema wazi kilichofanyika. Fomu inayosema "imejaribiwa" bila kutaja wapi inamuuzia mteja kitu ambacho hakikufanyika, na mteja huyo ataipanda mashine hiyo mlimani na mwanawe akiwa nyuma yake. Tena mmoja wa waanzilishi wa biashara ya usafiri huu, Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alifiwa na mtoto wake mdogo mwaka 1934 kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali, na gari lake la theluji la mwaka 1937 lilibeba watu saba. Hivyo msomaji anayeviita vitu hivi midoli ya matajiri anaweza kusamehewa kwa kuitazama picha, ila chombo kilianza kwa shida ya kufika.

Kwa Waswahili wenzangu walioko Utah, Idaho, Colorado na kwingineko kwenye milima, ambao msimu ukikaribia huanza kutafuta mashine za mkono wa pili, nina ombi moja tu. Muuzaji akikuwashia mashine uani na kukuzungushia mara mbili, mshukuru, kisha muulize mara ya mwisho ilipanda theluji ya unga lini, kwenye kimo gani, na mkanda uliokuwamo siku hiyo uko wapi. Mkanda wa zamani husema mengi: ubavu uliong'aa kama kioo ni wa mkanda ulioteleza, na ubavu mmoja uliolika kuliko mwenzake ni wa puli zisizotazamana. Akikosa jibu, punguza bei kwa kiasi cha safari moja ya mlimani pamoja na mkanda mpya, na safari hiyo usiifanye peke yako.

Fomu ya gereji yetu sasa ina nafasi tatu baada ya neno lile: mahali, kimo, na kina cha theluji. Mwanzoni mwa msimu theluji huchelewa, na wateja wanaotaka mashine zao mapema hukasirika wakiona nimeziacha nafasi hizo wazi na kuandika chini yake kwamba haijajaribiwa. Huwa nawaambia wangoje inyeshe.

Fundi Mtanzania,
Salt Lake City, Utah, Marekani