X za ukutani zina maana gani jamani

Mhariri naomba nafasi kidogo gazetini kwako niseme kuhusu hizi X zinazopakwa kwenye nyumba za pembeni mwa barabara. Kwenye daftari la mtoto X ni kosa, kwenye mkeka wa kubeti X ni sare, hapo hakuna anayebishana. Ila ya ukutani kila mtu ana tafsiri yake, na ndo hiyo inayomtoa mtu kwenye nyumba.

Wengi tunaona X tu kumbe rangi ndo inayoongea. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu (eneo la pembeni linalotengwa kwa ajili ya barabara) toka mita 22.5 mpaka 30 kila upande, ukipimia katikati ya barabara, sasa yule aliyekutwa kwenye zile 7.5 zilizoongezeka hakuifuata barabara, yenyewe ndo imemfuata, kwa hiyo anapigwa X ya kijani, anasubiri fidia. Nyekundu we umevamia, unavunja mwenyewe na hulipwi kitu. Sasa niambie rangi ikishapigwa jua na mvua miaka na miaka, vumbi juu, nani atajua ilikuwa ipi?

Mtaani kwetu zipo za hivyo. Mpangaji akiiona X anageuzia getini, mwenye nyumba naye hapigi plasta wala hazibi bati linalovuja maana anaogopa kutupa hela, basi nyumba inaoza na watu wamo ndani. Na usiwaambie watulie, walishaona Kimara mpaka Kiluvya 2017, nyumba zilivyoshushwa kupisha upanuzi wa Morogoro Road, tena kule hifadhi ilikuwa pana kupita hizo mita 30 so hata ukijipimia na futi kamba bado huna uhakika.

Ombi langu kwenu mnaopaka hizi X wala halina gharama, kopo la rangi si mnalo tayari? Pembeni ya X andikeni tarehe, mita ngapi toka katikati ya barabara, na neno moja tu, FIDIA au BOMOA, halafu mwenye nyumba aachiwe karatasi yenye muhuri (sio mpangaji, wapangaji wanahama nazo). Na mradi ukifutwa au ukihamia upande wa pili, rudini mfute X zenu.

Mkazi wa kando ya barabara kuu,
Dar es Salaam