Jambazi si mtu "maarufu"

Ndugu Mhariri,

Nina stesheneri ndogo hapa Tanga, jirani na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, wasifu na kadi za mwaliko. Wiki mbili zilizopita alikuja kijana na barua ya maombi ya kazi aliyoiandika kwa mkono, kwa Kiingereza, kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa anaomba kazi ya utunza stoo. Nilipofika mstari wa nne vidole vikasita. Ameandika kwamba yeye ni "notorious" kwa kufanya kazi kwa bidii.

"Mwanangu, neno hili umelitoa wapi?"

Akanionyesha simu. Kamusi yake ilikuwa imempa neno moja tu: maarufu. "Si ndiyo maarufu hiyo, mama?"

Siyo. Waingereza hulitumia neno hilo kwa mtu au kitu kinachojulikana kwa ubaya. Mwajiri anayekijua Kiingereza angeishia mstari ule ule na kuiweka barua pembeni, na kijana angerudi kukaa nyumbani bila kujua kilichomwangusha.

Simlaumu. Neno lenyewe amelizoea likiwa katika sifa. Christopher Wallace, rapa wa Brooklyn aliyeuawa mwaka 1997, alijiita The Notorious B.I.G. Mpiganaji Conor McGregor naye anajiita hivyo. Hata Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 87, mashabiki wake walimpachika jina la Notorious R.B.G. kwa kumfananisha na rapa yule. Kijana wa Tanga anayeona yote hayo kwenye simu atajuaje kwamba neno lina sumu ndani? Majina hayo yananoga kwa sababu wenye lugha wanaujua ubaya wake. Na sisi tunafanya vivyo hivyo. Joseph Mbilinyi, mwanamuziki aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, anaitwa Sugu, na anaitwa kwa mapenzi. Mchezaji akipiga chenga watu watatu tunapiga kelele kwamba huyu ni mchawi. Lakini hakuna anayeomba kazi kwa kuandika kwamba yeye ni mchawi wa stoo.

Kosa hili, Mhariri, haliko kwenye simu ya kijana peke yake. Tunalisoma magazetini na kulisikia redioni: "jambazi maarufu", "muuza dawa za kulevya maarufu", "eneo maarufu kwa ajali". Najua mwandishi wa habari hupokea taarifa kwa Kiingereza huku saa ya kufunga kurasa imekaribia, na maarufu ndilo neno lililo karibu na mkono. Lakini kwa sikio la Mswahili maarufu ni neno la heshima. Tumelipata kwa Waarabu, limetoka kwenye shina la kujua, na Mwislamu yeyote aliyesikia mawaidha ya kuamrishana mema na kukatazana mabaya anajua kwamba kwa Kiarabu hayo mema yenyewe ndiyo maarufu. Tunasema mwanariadha maarufu Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Mtu aliyevamia duka na kumjeruhi mlinzi anapataje kupewa neno lile lile? Na mtoto wa yule mlinzi akilisoma, ajisikieje?

Maneno tunayo. Nianze na sugu, maana nalijua tangu utoto. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Viganja vyake vilikuwa na sugu ngumu, chini ya kila kidole moja, na mama alipoepua sufuria yeye aliipokea bila kitambaa. Pale palipoota sugu hapakusikia tena moto wala mwiba. Ndiyo maana tunasema mdaiwa sugu: ameandikiwa barua, ameitwa, ametangazwa, wala hashtuki. Jambazi sugu ni yule ambaye kifungo hakimfundishi. Hata hivyo sugu haisemi kama mtu anajulikana. Mtu anaweza kuwa mwizi sugu na mtaa mzima ukamwona mwema. Tukitaka kusema kwamba habari zake zimeenea, tuseme ana jina baya, au amevuma kwa wizi. Mlevi aliyezama kabisa tunamwita aliyekubuhu. Barabara nayo ina neno lake, na madereva wanalitumia kila siku: eneo korofi, kona korofi. Kona inayoua watu haina umaarufu wowote.

Siku hizi nasikia pia kina mama hapa dukani wakisema mtoto wa miaka minne ni "notorious" kwa sababu amemwaga unga. Huyo ni mtundu tu. Akizidi, mtukutu.

Kuna jambo moja la kuangalia, nalo ni zito. Maneno haya ya Kiswahili yakikaa mahali pake yanauma. Mtu aliyekamatwa jana, ambaye bado hata kusomewa mashtaka, tusimwite jambazi sugu wala mwizi aliyekubuhu. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Huyo ni mtuhumiwa, basi, hata kama taarifa ya Kiingereza iliyoko mezani imempamba kwa neno kali.

Naomba wahariri wako wakikutana na "maarufu" mbele ya mhalifu walifute, wajiulize ni lipi kati ya haya mengine linalosema ukweli wa habari ile.

Yule kijana nilimvutia kiti. Nikamwambia aniambie kwa Kiswahili alichotaka mwajiri akijue. Akafikiri kidogo, akasema, "Nasifika kwa uchapakazi." Tukautafutia Kiingereza chake, na maneno yaliyotoka yalikuwa mepesi, ya shule ya msingi, anayajua yote. Nikachapa upya. Akaisoma barua nzima kwa sauti mara mbili, akaikunja ndani ya bahasha, akaenda kuwahi gari.

Msomaji wako,
Mwenye stesheneri, Tanga