Karani wangu hakuwa na kiburi

Mhariri,

Mimi ni msimamizi wa zamu katika ghala la mizigo hapa Malaba. Wiki iliyopita karani wangu mmoja, mama mwenye bidii kuliko wengi wetu, alimfokea dereva wa lori mbele ya watu, kisha akakosea namba ya kontena. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia barua ya onyo nilipoona simu yake juu ya daftari, ikiwaka kila dakika. Mtoto ana malaria, ameachwa kwa jirani, na dawa ya saa nane hajapewa.

Niliichana ile barua, nikamwambia aende nyumbani.

Wakubwa wengi huuita huu utovu wa nidhamu. Lakini tangu mwaka 1985 watafiti Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walieleza jinsi kazi na familia zinavyogombania muda na nguvu za mtu yuleyule. Anayevutwa huku na huku huchelewa, hununa, husingizia ugonjwa, mwishowe huacha kazi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku 4. Siku nne tu! Hata kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Nawaomba waajiri wa hapa mpakani waturuhusu kubadilishana zamu mtoto anapougua, bila kukata mshahara. Kwenye ghala letu nimeshaanza kulidai jambo hilo.

Msimamizi wa zamu,
Malaba, Uganda