Barua kwa Mwanangu Kabla ya Safari ya Lodwar

Mwanangu mpendwa,

Basi lako la Kitale, njiani kwenda Lodwar, linaondoka kesho jioni, nami nakuandikia kwa sababu jana ulinijibu haraka mno: "Baba, daktari amesema si kitu." Hakusema hivyo. Alisema uvimbe ulio ndani ya paji la uso wako hauhitaji kukatwa sasa, na kwamba picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, irudiwe Agosti, mwaka mmoja baada ya ile ya kwanza.

Nilimsikiliza neno kwa neno. Uvimbe wa mfupa ulio kwenye sainasi ya paji la uso, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa huo, ambao madaktari huuita osteoma, si saratani wala haugeuki kuwa saratani; hukua polepole, na wengi huishi nao bila kujua mpaka wapigwe picha kwa sababu nyingine. Wako una milimita 9. Nilipoiinua picha dirishani niliuona, mweupe kama punje ya mahindi, mbali na kijia kinachoteremsha makamasi puani. Ungalikatwa iwapo ungeziba kijia hicho na kukuletea maambukizi yasiyoisha, au ungejaza zaidi ya nusu ya sainasi hiyo, au ungesukuma jicho, au ungekula ukuta ulio upande wa ubongo. Kama unakua au umetulia, hilo litajulikana kwa picha ya pili tu, na hiyo ndiyo ninayoogopa kwamba utaiacha.

Ulipotaka ukatwe mara moja ili usafiri ukiwa umetulia, nilikukemea mbele ya shangazi yako, na sauti haikustahili kuwa kubwa vile. Lakini huenda maumivu ya kichwa hayatokani na uvimbe huo, na kisu kingekuachia maumivu yaleyale. Kuna aliyekuwa akisema kinachokuumiza ni simu, na bahasha ya picha ikakaa miezi miwili juu ya kabati; tuyaache hayo.

Wewe ni mwalimu wa kwanza katika ukoo wetu, na nimewaambia majirani wote wa ploti hii. Sasa mwalimu anayewasisitizia watoto tarehe za mitihani asisahau tarehe yake mwenyewe. Likizo ya Agosti rudi Nairobi, upige picha. Usiingoje likizo iwapo jicho litatokeza, au utaona vitu viwili viwili, au maji maangavu yatachuruzika puani, au homa itakuja pamoja na shingo kukakamaa: nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usininyamazie kwa kuogopa kwamba nitahangaika.

Hapa Umoja maji bado yanakuja Jumanne tu, na mfereji wa jikoni nitautengeneza mwenyewe. Usitume pesa za maji mwezi huu. Ziweke, ziwe za picha.

Mama yako amekufungia unga wa wimbi. Bahasha nimeilaza chini kabisa ya begi, katikati ya shuka mbili, kwa maana daktari yeyote utakayemwona huko atataka kuitazama kwanza. Usiikunje.

Ni mimi,
Baba yako