Barua ya wazi kwa Balozi wetu New Delhi: wageni wakija usiwaishie Agra, wafikishe na Thanjavur

Mheshimiwa Balozi, shikamoo, na kama umri wetu ni mmoja basi habari za kazi. Mi mtu wa Kilwa Masoko, sina cheo chochote, na hii barua naiandika kwenye simu kwa iyo maneno yakirukaruka nisamehe. Sina shida ya viza wala pasi yangu haijapotea. Nina ombi moja tu na ntalifikia, ila kwanza nikusimulie nlikotoka maana bila hivo utaona nimechanganyikiwa.

Mwaka jana nlimpeleka bi mkubwa Chennai kwa ajili ya moyo. Watu wa namna yetu unatujua mheshimiwa, tumejaa kule, ukikaa kwenye foleni za hospitali unasikia Kiswahili kila kona, mwingine wa Tanga mwingine wa Pemba. Baada ya vipimo tukaambiwa majibu mpaka wiki inayofuata, bi mkubwa yuko na dada, mi nimebaki gesti natazama pangaboi linavyozunguka. Kijana wa mapokezi akanionea huruma akanambia we nenda Egmore panda treni ya usiku, asubuhi utakuwa Thanjavur, ukaone Periya Kovil. Maana yake hekalu kubwa, ndo wenyewe wanavyoliita, majina marefu ya Brihadisvara na Peruvudaiyar wanayatumia wakiwa rasmi.

Nimefika alfajiri, nimevua ndala getini, kiingilio hakuna, nikapita milango miwili mikubwa halafu nikainua macho. Aisee. Mnara wa graniti wa kama mita 60, ghorofa 13 zimepungua taratibu kwenda juu, na kila ghorofa imejaa nakshi na vijumba na watu wa mawe. Sasa kinachoumiza kichwa ni kwamba mji wenyewe uko kwenye bonde la mto Kaveri, mpunga kila upande, ukichimba unapata tope, kwa iyo hayo mawe yote yalikokotwa kutoka mbali huko. Aliyejenga ni mfalme Rajaraja wa ukoo wa kifalme wa Wachola, ametawala 985 mpaka 1014, na hekalu likakamilika 1010. Dereva wa bajaji alikuwa ameniapia kwamba kivuli cha huo mnara hakigusi ardhi hata siku moja, basi saa tisa mchana nlikuwa nimesimama ndani ya kivuli icho icho miguu mitupu nimejibanza, maana nje yake sakafu ilikuwa inaunguza kama kikaango.

Lakini mheshimiwa mi mnara sio ulioniandikisha barua, ni ukuta.

Chini kabisa, kuzunguka msingi, kuna maandishi ya Kitamil, lugha ya huko, yamechongwa kwenye jiwe mstari kwa mstari, unatembea nayo mpaka unachoka. Pale nikamkuta mzee mmoja mwalimu mstaafu anawasomea wajukuu zake, ananyoosha kidole bila kugusa, akaniona nimetumbua macho akaanza kunitafsiria na mimi. Nlitegemea sala au sifa za mfalme. Sifa zipo, mfalme gani asijisifu, ila kumbe sehemu kubwa ni leja! Mfalme anaagiza vichongwe vitu alivyotoa yeye, vitu alivyotoa dada yake mkubwa Kundavai, vya wake zake, na vya watu wengine. Siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake alikabidhi kile kilele cha shaba kilichovikwa dhahabu cha kuweka juu ya mnara, imeandikwa siku kabisa, kama risiti.

Tena hiyo haijanishangaza kama hii inayofuata. Wameandikwa wanawake 400 wachezaji wa ngoma za hekalu, kila mmoja kwa jina lake, katolewa hekalu lipi, anakaa mtaa upi, upande wa kusini au kaskazini, nyumba ya ngapi. Nyumba ya ngapi, mheshimiwa, miaka elfu moja iliyopita, na mi hapa Masoko mpaka leo nikiagiza mzigo namwelekeza bodaboda kwa mti wa mkwaju. Kila mmoja na fungu lake la mpunga kalam 100 kwa mwaka, hicho ni kipimo chao. Chini yao wanafuata wapiga ngoma, waimbaji wa nyimbo za Kitamil 48, wahasibu, mbeba mwavuli, fundi cherehani, dobi, kinyozi, mfinyanzi, fundi seremala. Halafu mifugo ya samli ya taa: taa moja isizimike inahitaji kondoo majike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa maziwa 16, na mchungaji aliyekabidhiwa anatajwa. Kweli hao wanawake 400 walihamishwa kwa amri na ukuta hausemi kama kuna hata mmoja aliyeulizwa, hilo sitaki nilipambe. Ila majina yao yapo. Sisi Kilwa tunamjua sultani Ali bin al-Hasan kwa sababu kaacha sarafu zenye jina lake, lakini yule aliyechonga matumbawe ya msikiti mkuu, yule aliyekesha anachoma chokaa, nani anaweza kunitajia hata mmoja?

Na usidhani wenzetu walikuwa wanakumbuka siku zote. Ilifika mahali watu wa pale pale walikuwa wanasimulia kwamba hekalu lilijengwa na mfalme mwingine kabisa, mpaka mwisho wa karne ya 19 Mjerumani mmoja anaitwa Hultzsch, kaajiriwa na serikali ya Waingereza kazi yake kusoma maandishi ya mawe, akasoma kuta ndo jina la Rajaraja likarudi mahali pake. Kitu kiko ukutani macho ya kila mtu na hakuna anayekisoma! Hata michoro ya ndani ilikuwa hivo hivo, wafalme wa Nayak waliokuja karne nyingi baadae walichora yao juu ya ile ya Wachola, na mpaka 1931 ndo mtaalamu mmoja akagundua kuna nyingine chini. Juu kidogo kwenye ghorofa kuna mikao 108 ya ngoma ya Shiva, mungu mwenye hekalu lake, ilitakiwa ichongwe kwenye mawe, imechongwa 81, mawe 27 yamebaki matupu mpaka leo. Hapo mzee akacheka akasema hata mfalme anaishiwa na muda.

Nlitaka kuondoka mchana, mzee akanizuia, akasema leo ni pradosham. Hiyo ni siku ya 13 ya kila nusu ya mwezi wao, mwezi ukikua na ukipungua, kwa iyo inakuja mara mbili kila mwezi, na jioni yake anaogeshwa Nandi, yule fahali wa Shiva. Huyu wa Thanjavur ni jiwe moja lina kama tani 25, kalala anatazama mlango wa hekalu, nae ni wa enzi za Nayak sio wa Rajaraja. Wanakwambia alikuwa anaendelea kukua mpaka wakampigilia msumari mgongoni, mi nimesikiliza tu. Jioni watu wakajaa, wamekaa chini, kina mama na vyombo vya maziwa, watoto mabegani, makuhani wawili wamepanda juu ya fahali. Wakaanza kumwaga maziwa. Jiwe jeusi likawa jeupe, maziwa yanashuka kwenye kengele zilizochongwa shingoni yanatuama kidogo kwenye kila tundu kisha yanadondoka, halafu yakaja manjano jiwe likawa la njano, halafu maji, likarudi jeusi linang'aa. Pembeni kuna mtu anapuliza zumari refu kuliko mkono wake na mwenzie anapiga ngoma ya pande mbili. Nlirekodi vidio, bi mkubwa aliposikia akainuka kitandani akasema si hilo zumari la harusini!

Sasa ombi. Nyumba hii ina wenyewe wengi: mawe yanatunzwa na idara ya mambo ya kale ya India, udhamini wa hekalu ni wa kurithi kwenye ukoo wa waliokuwa wafalme wa Kimaratha, na ibada ni za makuhani, na bado kila asubuhi taa inawashwa. Hawapatani kila siku, usinielewe vibaya. Mwaka 2020 hekalu lilikuwa linawekwa wakfu upya, mara ya mwisho ilikuwa 1997, na mwaka huo wa 1997 banda la makuti lilishika moto watu zaidi ya 40 wakafa, kwa iyo kila mtu roho juu. Juu ya hapo wakafikishana mahakamani kwa sababu ya lugha, hawa wanataka Kisanskriti hawa Kitamil, mahakama ikaamua zote mbili, na tarehe 5 Februari shughuli ikafanyika. Watu kwenda mahakamani ili lugha yao isikike kwenye nyumba ya babu zao, mi nimeipenda hiyo.

UNESCO iliwaandika 1987, na 2004 wakaongezewa mahekalu mengine mawili ya Wachola. Mwaka huo huo wa 2004 magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, tumekuja kutolewa 2014. Ndo maana naomba, ukija ugeni wa wataalamu wa mambo ya kale, au madiwani wa pwani waliokuja kujifunza utalii, picha ya Taj Mahal wapige sawa, ila kwenye ratiba uwaandikie na siku mbili za Thanjavur. Waone mtu wa idara na kuhani wanavyogawana eneo moja bila kufukuzana. Na kama vyuo vyao vina nafasi hata mbili za kufundisha vijana wetu kusoma maandishi ya kwenye mawe, tuombee, maana pwani yote kuna makaburi yana maandishi na chumvi inayala.

Ukipanga hiyo safari angalia kwanza kalenda ya mwezi iangukie pradosham, wafike saa kumi jioni wapate pa kukaa. Na waambie waje na ndala, wenye viatu vya kamba watachelewa getini.

Wako, mtu wa Kilwa Masoko (bi mkubwa anakusalimia, anaendelea vizuri)