Ulilala Filamu Ikinoga

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ulianza kuitazama ile filamu niliyokusumbua nayo, The Ipcress File, ukafika katikati usingizi ukakuchukua. Unauliza ni jasusi gani huyu, kutwa anajaza fomu. Nimecheka hadi baba yako akatoka uani kuja kuuliza kulikoni. Kwani hizo fomu ndizo zilizonifanya niipende.

Unajua nimefanya kazi masjala miaka 27. Wewe ukisikia faili unafikiria kompyuta. Mimi naliona jalada la kahawia, kamba yake, namba yake juu, na daftari linaloonyesha nani kalichukua na lini. Sasa hii ni filamu ambayo hata jina lake ni la jalada, na humo ndani jalada lenyewe linatoweka mezani pa mtu. Sijui hapo ulikuwa umeshalala? Mimi nilijishika kifua. Watu wakiuawa kwenye filamu sishtuki sana, nimeshawaona wengi. Lakini jalada kupotea mkononi mwako, na wewe ndiye wa mwisho kulisaini, hilo nalijua uchungu wake. Liliwahi kunipotea moja, siku tatu sili vizuri, kumbe mkubwa mmoja alikwenda nalo nyumbani akalisahau kwenye gari. Hata pole sikupewa.

Niliiona mara ya kwanza mwaka 1984. Mjomba wako, Mungu amrehemu, alikuwa baharia, akarudi Tanga na deki na kanda tano zilizochakaa. Tulijaa sebuleni kwa bibi yako kama watu 15, wanaume wamekaa mbele wanamsubiri James Bond. Robo saa haijapita, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Tulibaki mimi na mjomba wako, na bibi yako ambaye naye, kama wewe, alikuwa anakoroma.

Kumsubiri Bond halikuwa kosa lao. Walioitengeneza filamu hii ni watu wa Bond wale wale. Mtayarishaji ni Harry Saltzman, mmoja wa wale wawili waliokuwa wakizitayarisha za Bond. Muziki ni wa John Barry, aliyehariri ni Peter Hunt, mandhari kabuni Ken Adam. Ni kama fundi hodari wa mashela ya maharusi aamue siku moja kushona ovaroli ya gereji, kwa cherehani ile ile. Mwaka wenyewe ni 1965, Bond amewashika watu wote, na wao wanakuletea jasusi anayelala kwenye chumba cha kawaida na kuwaza nyongeza ya mshahara.

Rudi mwanzo utazame anavyoamka. Saa inalia, na skrini yote imefifia, huoni kitu. Kanda yetu ilikuwa mbovu, kwa hiyo mjomba wako aliinuka kuipiga deki kofi. Kumbe ni macho ya Harry Palmer, jasusi mwenyewe. Mpaka apapase, apate miwani yake, ndipo nasi tunaona. Mimi niliitwa macho manne tangu darasa la tatu, nawe unajua bila miwani siwezi kukutofautisha na mlango. Sikuwahi kumwona shujaa wa filamu anayeanza siku yake kama ninavyoanza yangu. Halafu hakimbilii bastola. Anasaga kahawa, taratibu, kana kwamba hana mahali pa kwenda.

Na anapika! Michael Caine mwenyewe, anayemwigiza Palmer, amesimulia kwamba wakubwa wa Hollywood walipoona vipande vya mwanzo walitaka ile miwani iondolewe, na yule mwanamke ndiye apike. Haikuondolewa, na mwanamume akabaki jikoni. Kuna mahali anampikia Jean, mwanamke wa ofisini kwake, kimanda, anavunja mayai kwa mkono mmoja. Ile mikono si ya Caine. Ni ya Len Deighton, aliyeandika kitabu chenyewe mwaka 1962, maana Caine mayai yalimshinda. Deighton alikuwa mpishi hasa, akichora mapishi kwa katuni gazetini, na ukitazama vizuri utayaona yamebandikwa kwenye ukuta wa jiko la Palmer. Mimi nilijaribu hiyo ya mkono mmoja. Tulikula kimanda chenye maganda, baba yako akanyamaza tu, ndiyo tabia yake.

Kipande changu hasa ni kile cha dukani. Palmer na Kanali Ross, mkubwa wake wa zamani, wanasukuma vitoroli kati ya rafu, wanazungumza mambo ya siri za nchi, huku wanabishana kuhusu uyoga wa kopo, kwa nini Palmer anunue wa bei ghali. Wewe umezaliwa maduka yamejaa, huwezi kujua jinsi tulivyokitazama. Mwaka ule sisi tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Mjomba wako aliisimamisha kanda pale tuhesabu makopo. Siri za nchi hakuna aliyezisikiliza.

Ila nilipokuja kuitazama tena, nimeshastaafu, ndipo nikausikia ule mgongano. Ross anaona askari mdogo kama Palmer hana haki ya kuwa na ulimi unaochagua. Palmer ni sajenti aliyefungwa jela ya jeshi kwa magendo ya Berlin, na idara inamtumia kwa sababu hana pa kukataa. Kiingereza chake si kile cha redioni. Ni cha mitaa ya London, na Caine hakukiigiza, baba yake alikuwa mpagazi wa samaki soko la Billingsgate. Mwaka mmoja nyuma, kwenye filamu ya Zulu, alikuwa amepewa afande wa tabaka la juu. Hapa anaachiwa mdomo wake. Fikiria mtoto wa Deep Sea pale Tanga anajibizana na wakubwa wenye miamvuli, na kila mara anawajibu kwa adabu ambayo si adabu. Nilikuwa na mwenzangu masjala aliyejua kusema "ndiyo mzee" kwa namna hiyo.

Na lile ulilolalamikia, kwamba mpiga picha hajui kupiga, daima kuna kitu mbele. Ni kweli. Anapiga nyuma ya kivuli cha taa, anapiga chini kabisa karibu na sakafu, anapiga kwenye upenyo wa mlango. Palmer anapigana nje ya Royal Albert Hall na sisi tunatazama tukiwa ndani ya kibanda cha simu, kupitia vioo vyake. Mwongozaji ni Sidney J. Furie, na aliyeshika kamera, Otto Heller, alipata tuzo ya BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa kazi hiyo. Wengi husema ni mbwembwe. Sikubali. Salim, hapo ndipo tulipokuwa tukikaa sisi makarani! Wakubwa wanazungumza, wewe uko nyuma ya kabati la majalada, unaona nusu ya uso na kiganja kimoja, na kutokana na nusu hiyo unajua nani anahamishwa Jumatatu. Kamera ya filamu hii ni ya mtu ambaye hakualikwa kwenye kikao.

Muziki nao usiupite. Ile sauti ya nyuzi inayotetemeka ni ya simbalomu, ala ya Wahungari. Bibi yako alizinduka kidogo akauliza nani anapiga kanuni, ile ya taarabu. Hakukosea sana, ila kanuni tunaidonoa kwa vidole, na ile hupigwa kwa vijiti. John Barry angeweza kutuletea tarumbeta zake za Bond. Akachagua kitu chenye baridi, cha mtu anayetembea peke yake usiku akiwa hana uhakika na mwajiri wake.

Neno Ipcress maana yake sikuambii, wala nani mwovu sikuambii, kwa kuwa ulilala. Anzia pale Carswell, mwenzake wa ofisini, anapoazima gari la Palmer. Kaa kitako, zima hiyo simu. Ukifika kwenye msumari usifumbe macho, na ukiona basi jekundu utanipigia mwenyewe bila kuambiwa, hata iwe usiku wa manane. Ila isiwe saa mbili, baba yako anasikiliza taarifa ya habari.

Mayai nimempa dereva wa basi trei nzima, ulizia kituoni kesho asubuhi. Jizoeze kwa mikono miwili kwanza.

Mama yako